UZI: Tangi la mimea na samaki wadogo wapole kwa hali ya Mtwara na Lindi (joto, maji magumu, udongo, samaki wa kuchagua)

#1 MkunguWaShangani

Wakuu, habari za humu. Maswali ya matangi ya samaki yenye mimea hai yamekuwa mengi, na ushauri mwingi unaozunguka umeandikwa kwa watu wa nchi za baridi: nunua hita ya kupasha maji, weka samaki aina ya neoni kumi, maji yakae nyuzi 25. Ukiufuata ukiwa Shangani au Mikindani hapa Mtwara, samaki wanaanza kufa Novemba na hujui sababu. Huku kwetu kuna mambo mawili yanayoamua kila kitu, joto na ugumu wa maji (wingi wa kalisi ndani yake). Jua kwanza maji uliyonayo, ndipo uchague samaki anayeyaweza. Anayenunua samaki kwanza halafu akalazimisha maji yamfuate samaki, atahangaika mwaka mzima.

Nitaeleza kwa tangi la sentimita 60 kwa 30 kwa 36. Huo ndio ukubwa wa chini ninaomshauri anayeanza. Likishajazwa udongo, mchanga na maji hadi sentimita 3 chini ya ukingo, linabaki na maji lita 46 hivi. Bakuli na vitangi vya lita 10 viacheni. Maji machache hupanda joto haraka, huchafuka haraka, na mchana wa Desemba hayakupi nafasi ya kurekebisha kitu.

Uzito wake ukijumlisha kioo, udongo na maji ni kama kilo 75. Meza ya plastiki haifai. Tafuta stendi ya mbao ngumu au chuma, iliyonyooka kwa pima maji, na utandaze foamu ya unene wa sentimita 1 chini ya tangi. Liwe mbali na dirisha la magharibi. Jua la saa 10 alasiri linaleta mwani wa kijani na kupandisha joto kwa pamoja.

Udongo na mchanga. Chini kabisa weka udongo wa kawaida wa bustani uliochekechwa kwa waya wa matundu ya milimita 3 hadi 5, unene sentimita 2.5 (lita 4.5 zinatosha). Kabla ya kuuweka, uloweke kwenye ndoo, koroga, mwaga maji na vinavyoelea, rudia mara tatu. Juu yake weka mchanga wa mto uliooshwa mpaka maji yatoke meupe, sentimita 3. Mchanga ukiwa chini ya sentimita 2 udongo utapanda juu kila samaki akichokonoa. Ukizidi 5, chini kunakosa hewa na kunaanza kunuka yai bovu.

Mimea ipandwe yote siku ya kwanza, ifunike karibu robo tatu ya sakafu. Nyuma panda valisneria miche 10 hadi 12, pembeni higrofila, mbele kriptokorini 4 au 5. Anubia na feni ya Java (mmea wa jamii ya kangaga) usizifukie, shina lake likizikwa linaoza; zifunge kwenye gogo au jiwe kwa uzi wa nailoni. Juu ya maji weka salvinia na uiachie theluthi moja tu ya uso. Mimea inayokua haraka ndiyo filta yenu ya kwanza, kwa sababu inakula amonia, ile sumu inayotoka kwenye uchafu wa samaki, moja kwa moja.

Taa ni balbu ya LED nyeupe ya mwanga wa mchana, 6500K, wati 10 hadi 12, sentimita 20 juu ya maji, saa 7 kwa siku. Tumia taima kama unayo. Filta ni sponji moja na pampu ndogo ya hewa. Hita usinunue.

Wiki mbili za mwanzo badilisha nusu ya maji kila baada ya siku 3, maana udongo mpya unatoa amonia nyingi. Samaki wasubiri wiki 4.

#2 Mitwero_Lindi

Shikamoo mzee Mkungu. Nipo Lindi, maji ya kwangu ni ya kisima, sina kifaa cha kupimia. Nitajuaje ni magumu kiasi gani? Halafu mchanga wa ufukweni hapa upo bure, mweupe mzuri, haufai?

#3 MkunguWaShangani

Marahaba. Anza na sabuni. Chukua chupa ya nusu lita, jaza nusu yake maji ya kisima, kwangulia sabuni ya mche kiasi cha ncha ya kijiko, tikisa. Fanya hivyo hivyo kwa maji ya mvua kwenye chupa nyingine. Ya mvua yatajaa povu. Ya kisima yakitoa povu hafifu na utando mweupe unaoelea, ni magumu. Angalia na birika: ukoko mweupe unaoganda ndani ni kalisi ileile. Visima vingi vya ukanda wetu vimepita kwenye mwamba wa matumbawe, ndiyo maana pH yake (kipimo cha asidi, 7 ikiwa katikati) husimama juu ya 7.5. Ukiyaonja ukasikia chumvi, hayo usiyatumie kabisa kwa tangi la mimea.

Baadaye ukipata vijiti vya kupimia vinavyoonyesha pH, ugumu, nitriti na nitrati, nunua. Kopo moja linakaa muda mrefu ukikata kila kijiti katikati kwa urefu.

Mchanga wa ufukweni, hapana. Ule weupe ni vipande vya kombe na matumbawe, tena una chumvi. Chota kijiko kimoja, dondoshea siki au ndimu. Ukitoa mapovu, una chokaa na utaendelea kuyafanya maji yawe magumu miezi na miezi. Mchanga wa mto Lukuledi au Ruvuma ule wa kahawia, wa kujengea, haufanyi hivyo. Lakini upime pia kabla ya kuununua, maana wauzaji huchanganya. Mawe ya mapambo nayo yapimwe hivyo hivyo.

#4 FundiKioo_Ligula

Naongezea kwenye tangi lenyewe, maana wengi wanakuja na vipimo vibaya wanaharibu kioo.

Kwa 60 x 30 x 36 tumia kioo cha milimita 6. Sakafu ni 60 x 30, mbele na nyuma 60 x 36 vipande viwili, pembeni 36 x 28.6 vipande viwili. Hiyo 28.6 imetoka kwenye 30, ukatoa milimita 12 za unene wa vioo viwili na milimita 2 za nafasi ya silikoni. Kuta zinakaa juu ya sakafu, si pembeni yake.

Kingo zote zipigwe msasa wa jiwe. Zifute kwa spiriti, usiziguse tena kwa vidole. Silikoni iwe ile inayonuka siki ikiwa mbichi, isiyo na dawa ya kuzuia ukungu. Ile ya bafuni na jikoni ina dawa hiyo na inaua samaki. Soma kopo, ikiandikwa ni ya bafuni, irudishe. Paka mstari mmoja usiokatika wa milimita 4, simamisha kioo cha nyuma, pembeni, kisha cha mbele, funga kwa tepu, halafu pitisha silikoni ya pili kwenye kona za ndani na uilainishe kwa kidole chenye maji ya sabuni mara moja tu. Ukirudiarudia inang'oka.

Iache siku 7. Saa 24 haitoshi hata kama juu imekauka. Jaza maji ukiwa nje, weka magazeti chini, subiri siku mbili. Likivuja, usiongezee silikoni juu ya ya zamani, mpya haishiki kwenye kuukuu. Kata kona yote kwa wembe, safisha, anza upya.

#5 Korosho_Naliendele

Mkuu Mkungu, umesema udongo wa kawaida wa bustani. Kwa huku lazima uwekwe mpaka. USICHUKUE UDONGO CHINI YA MIKOROSHO. Mashamba yetu yanapulizwa salfa ya unga msimu wa ubwiriunga (ugonjwa wa ukungu wa mikorosho), takriban Mei hadi Agosti, na wengine wanapuliza viuatilifu vya maji vya wadudu. Salfa inaanguka chini na kubaki kwenye udongo wa juu. Ukiifukia chini ya mchanga mahali pasipo na hewa, vijidudu vinaigeuza kuwa gesi ya haidrojeni salfaidi, ile ya yai bovu, ambayo ni sumu kwa samaki na inaozesha mizizi. Mimea ikishikwa unaona mizizi myeusi na majani yanajitoa yenyewe.

Chukua udongo mwekundu wa mahali pasipolimwa, chini ya sentimita 10 za juu. Huo una chuma, ambacho mimea ya mizizi inakipenda, ila una rutuba ndogo. Changanya sehemu 3 za udongo huo na sehemu 1 ya mboji iliyoiva kabisa isiyo na harufu. Samadi mbichi, mbolea ya dukani, majivu, vyote visiguse tangi.

Na gogo la kupambia lisiwe la mkorosho. Mikoko nayo isikatwe, ni misitu ya hifadhi, tena ina chumvi. Tawi kavu la mpera ambalo limekauka mwaka mzima linafaa: chemsha saa moja, mwaga, rudia, kisha liloweke mpaka lizame.

#6 BintiMikindani

Naomba kueleweshwa kuhusu neoni. Dar wanauza wengi na ni wazuri jamani. Kweli hawawezi huku?

#7 MkunguWaShangani

Dada, neoni, yaani Paracheirodon innesi, ametoka kwenye vijito vyenye kivuli vya bonde la Amazoni huko Amerika Kusini, na anastawi kwenye nyuzi 21 hadi 26. Mtwara maji ya ndani ya nyumba Novemba hadi Machi hupanda 29 hadi 31. Joto linamkimbiza damu, anahitaji hewa zaidi, wakati maji yenyewe yanashika hewa kidogo zaidi. Maji safi ya nyuzi 25 yanabeba oksijeni kama miligramu 8.3 kwa lita. Ya nyuzi 30, kama 7.5. Neoni hafi siku hiyo, anakonda, anapauka mstari, anakufa mmojammoja.

Mbadala wake ni kadinali, Paracheirodon axelrodi. Mstari wake mwekundu unafika mpaka kichwani na anavumilia joto zaidi, hadi 29 hivi. Ila yeye anataka maji laini. Kwa hiyo orodha yangu ni hii:

Kama maji yako ni ya kisima, magumu: gapi madume 8 hadi 10 basi, au plati 6. Hawa maji magumu ndiyo kwao, na nyuzi 29 wanaziweza. Usichanganye dume la beta (samaki wa kupigana) na gapi. Mkia mrefu wa gapi anauona ni wa beta mwenzake, anaurarua.

Kama unaweza kuchanganya maji ya mvua nusu kwa nusu: kadinali 10, au rasbora harlekwini 8, na jozi moja ya gurami asali. Usiweke makundi yote matatu, lita 46 hazitoshi. Samaki wa kundi wakiwa watatu wanne wanajificha au wanagombana. Wakiwa 8 na zaidi wanatulia na rangi inatoka.

Korido, samaki wadogo wa sakafuni, wanaopatikana mara nyingi ni wale wa shaba na sterbai. Sterbai ndiye anayelivumilia joto. Wawe 6, na tangi liwe na urefu wa ubavu wa sentimita 80 au zaidi. Zebra danio anapenda baridi, mwacheni. Perege wadogo wa kuvuliwa watang'oa kila mmea, na wakikua hakuna samaki mdogo atakayebaki.

#8 FeniNaBarafu

Nakazia kuhusu joto, maana kuna njia ya kulishusha. Feni ya kompyuta ya volti 12, ikipuliza juu ya maji kwa mlalo, inashusha nyuzi 2 hadi 3 kwa kuvukiza maji. Lakini tambueni mipaka yake: inafanya kazi vizuri hewa ikiwa kavu. Januari na Februari, hewa ya pwani ikiwa nzito kwa unyevu, mvuke hautoki na utapata nyuzi 1 au 1 na nusu.

Kwa siku mbaya, chupa ya nusu lita ya maji yaliyoganda, iliyofungwa kizibo, ikielea kwenye lita 46 inashusha kama nyuzi 1. Weka moja saa 6 mchana na nyingine saa 9. Usimwage barafu yenyewe na usishushe zaidi ya nyuzi 2 kwa mara moja.

Maji yanayopungua kwa feni yafidie kwa maji ya mvua, si ya kisima. Kinachoruka ni maji matupu, kalisi inabaki. Ukiongezea maji magumu kila siku, ndani ya miezi michache ugumu unakuwa mara mbili na majani yanaota ukoko mweupe.

#9 Mitwero_Lindi

Kwenye maji ya mvua kuna masharti? Paa langu ni bati jipya.

#10 MkunguWaShangani

Bati jipya linatoa zinki, na samaki wadogo na kamba wa tangi hawaivumilii. Subiri paa lipigwe na msimu mzima wa mvua, au kinga kwenye turubai safi lililotandazwa wazi. Hata kwa paa la zamani, acha dakika 20 za mwanzo za kila mvua zioshe vumbi na kinyesi cha ndege ndipo uweke ndoo. Msimu wetu ukianza Desemba mpaka Aprili, jaza madumu yenye vifuniko na uyaweke kivulini.

Maji ya mvua peke yake hayana chochote cha kuizuia pH isiporomoke. Tangi likizalisha asidi usiku, pH inaweza kushuka chini ya 6, na hapo vijidudu vya filta hupunguza kazi. Ndiyo maana nasema nusu kwa nusu na maji ya kisima.

Na tusisahau majani ya mti wa mkungu, uliojaa pwani yote hii. Okota yaliyodondoka yenyewe, ya kahawia, makavu, mbali na barabara. Yasuuze, weka jani moja kubwa kwa kila lita 25. Maji yanakuwa rangi ya chai hafifu, kadinali na rasbora wanatulia. Toa mabaki baada ya wiki 3 au 4.

#11 MdauAfya_Mtwara

Wakuu, kuna mambo ya usalama hayajaguswa.

Kwanza, mimea ya kuokota mabwawani na mitoni. Kichocho kipo mikoani kwetu na kinasambazwa na konokono wa maji baridi. Usiingie majini bila buti na glavu, na Ruvuma usikaribie ukingo, mamba wapo. Mmea ukiufikisha nyumbani, kagua upande wa chini wa kila jani, toa konokono na mayai yao yanayofanana na ute mgando. Kisha uloweke kwenye ndoo ya maji yenye shabu, kijiko kikubwa kimoja kwa lita 4, siku mbili, kwa glavu. Suuza vizuri. Vijidudu vya kichocho vikishatoka kwenye konokono haviishi zaidi ya saa 48 hivi, lakini konokono mwenyewe anaendelea kuvitoa wiki nyingi, hivyo hata mmoja asipite.

Pili, dawa za mbu. Viambato vingi vya dawa za kupuliza na za kuchoma ni vya jamii ya pairethroidi. Kwa binadamu kiasi kile ni kidogo, kwa samaki ni sumu kali mno. Pampu ya hewa inavuta hewa ya chumba na kuiingiza majini. Kama lazima kupuliza, zima pampu, funika tangi kwa nailoni na taulo, pitisha hewa chumbani saa nzima ndipo uwashe.

Tatu, CHANDARUA CHENYE DAWA kisifanywe neti ya kuvulia samaki tangini wala kifuniko cha tangi. Nimeona picha watu wakionyeshana. Dawa yake ni jamii ileile ya pairethroidi.

#12 KijanaWaChikongola

Wakuu msaada wa haraka. Tangi lina wiki 2, gapi 12, filta ya sponji. Asubuhi wote wako juu wanahema kwa kasi, mmoja amekufa. Maji ni maangavu kabisa. Nimeosha sponji jana kwa maji ya bomba.

#13 MkunguWaShangani

Badilisha nusu ya maji sasa hivi kwa maji yaliyokaa wazi, ya joto lilelile. Ongeza nguvu ya pampu. Usilishe siku 2. Kisha soma.

Maji maangavu hayamaanishi ni salama. Samaki anatoa amonia, vijidudu vya aina moja vinaigeuza nitriti, vingine vinaigeuza nitrati ambayo mimea inaitumia. Vijidudu hivyo vinaishi kwenye sponji na mchanga na vinahitaji wiki 4 hadi 6 kutimia. Wewe ulikuwa nusu ya njia, halafu klorini ya bomba imeviua. Sponji inakamuliwa ndani ya ndoo ya maji yaliyotoka tangini, basi.

Kwa nini huku inaua haraka: amonia ina sura mbili majini na moja tu ndiyo yenye sumu kali. Maji yakiwa pH 7 na nyuzi 25, sehemu ya sumu ni kama asilimia 0.6. Yakiwa pH 8 na nyuzi 30, ni karibu asilimia 7.5. Kiasi kilekile cha amonia, sumu mara 12 na zaidi. Kwa maji yetu magumu ya joto hakuna nafasi ya kukosea hapa.

Badilisha theluthi moja kila siku kwa siku 7 hadi 10, ongeza salvinia na higrofila kwa wingi. Gapi 12 ni wengi kwa tangi la wiki mbili, wape jirani sita kama yupo mwenye tangi lililokomaa. Huyohuyo muombe sponji yake iliyotumika, uiweke pembeni ya yako wiki 3. Hiyo inakuokolea mwezi.

#14 DerevaWaKusini

Kuhusu kuleta samaki kwa basi toka Dar. Ni zaidi ya kilomita 500, hesabu saa 9 hadi 11 ndani ya mfuko. Muuzaji asiwalishe saa 24 kabla. Mfuko uwe maji theluthi moja, oksijeni theluthi mbili, mifuko miwili mmoja ndani ya mwingine na kona zifungwe kwa mpira wasibanwe. Samaki wadogo wasizidi 10 kwa lita 2 za maji. Boksi la foamu lenye kifuniko, ndani ya basi, si kwenye buti la chini karibu na injini. Safiri usiku au asubuhi sana. Mvua ikiwa kubwa uliza kwanza hali ya barabara.

Wakifika, elea mfuko dakika 20 na kisha uwadondoshee maji ya tangi tone kwa tone saa nzima.

#15 BwawaLaKitere

Mkuu Dereva, kwenye kufunga nakubali kila neno. Hapo mwisho sikubaliani kwa safari ndefu. Ndani ya mfuko uliofungwa saa 10, samaki wanatoa amonia na kaboni dayoksaidi pamoja. Kaboni dayoksaidi inashusha pH, kwa hiyo amonia inakaa katika ile sura isiyo na sumu. Ukifungua mfuko, kaboni dayoksaidi inaruka, pH inapanda ndani ya dakika chache, na amonia yote iliyokusanyika inageuka sumu. Ukiwaacha humo saa nzima unawapikia sumu.

Njia: elea mfuko ukiwa umefungwa dakika 20 ili joto lilingane. Fungua, mimina kikombe kimoja cha maji ya tangi, subiri dakika 5, kikombe cha pili, dakika 5, kisha wavue kwa neti laini uwaweke tangini. Maji ya mfuko mwaga nje. Zima taa siku hiyo, chakula kesho. Matone ya saa nzima yanafaa kwa samaki aliyesafiri nusu saa toka mtaa wa pili.

#16 DerevaWaKusini

Nimeelewa mkuu. Hiyo ya kaboni dayoksaidi ina mantiki, wasomaji wafuate posti #15 kwenye kufungua.

#17 BintiMikindani

Chakula je? Cha kopo cha samaki wa mapambo huku hakipatikani kila mara. Na gapi akizaa?

#18 BwawaLaKitere

Dada, dagaa wa ziwa waliokaushwa bila chumvi, toa vichwa, saga kwenye mashine ya viungo, chekecha kwa kitambaa, upate unga laini kabisa. Ongeza unga wa mlonge kidogo, sehemu 1 kwa 5. Hifadhi kwenye kopo kavu ndani ya friji, kwa unyevu wa huku nje unaota ukungu ndani ya wiki. Mara mbili kwa siku, kile kinachoisha ndani ya dakika 2. Siku moja ya wiki wasile. Kiini cha yai na mkate vinaharibu maji, acheni.

Viluwiluwi vya mbu ni chakula kizuri sana, lakini tuna malaria na dengue, kwa hiyo ndoo ya kuvifuga ni hatari. Vikiwa vimetokea penyewe kwenye pipa, vua vyote siku hiyohiyo.

Gapi jike anazaa kila siku 28 hivi, watoto 20 hadi 50, na wazazi wanawala. Salvinia nene na fundo la mosi la Java (mmea laini wa nyuzinyuzi, Java moss) vinawaficha wachache, wanaotosha. Ukitaka idadi isizidi, weka madume matupu tangu mwanzo. Wanaozidi wape watu. Usiwaachie Lukuledi, Kitere wala bwawa lolote; gapi ni mgeni anayeenea haraka na kula mayai ya samaki wa asili. Kwenye madimbwi ya msimu ya pwani ya Tanzania kuna samaki wadogo wa jenasi Nothobranchius ambao mayai yao yanasubiri mvua ndani ya tope kavu, hawapatikani sehemu nyingi duniani. Gugu maji na salvinia navyo visitupwe mtaroni, vianike juani vikauke.

#19 KijanaWaChikongola

Mrejesho: wamebaki 5, wanaogelea vizuri. Ila mmoja ana kitu cheupe mdomoni kama pamba. Nasoma kwamba niongeze joto na chumvi.

#20 MkunguWaShangani

Usiongeze joto. Hapo ndipo watu wengi wanapopotea. Madoa meupe kama chembe za chumvi, yaliyotapakaa mwilini na mapezini, ni ugonjwa wa madoadoa, unaoletwa na kimelea kiitwacho Ichthyophthirius. Huyo joto la nyuzi 30 linamvuruga. Lakini cheupe kama pamba mdomoni, au baka la kijivu mgongoni lenye umbo la tandiko, mara nyingi si ukungu, ni bakteria wa kolumnarisi. Hao joto linawapa kasi. Kwenye nyuzi 30 samaki anaweza kufa ndani ya siku mbili.

Mtoe huyo mmoja, mweke kwenye ndoo ya lita 10 kivulini yenye jiwe la hewa, maji nyuzi 25 au 26 kwa msaada wa chupa ya barafu, na chumvi isiyo na madini joto gramu 20, yaani gramu 2 kwa lita. Badilisha nusu ya maji kila siku, ukirudishia chumvi ya kiasi kilichotoka. Gapi anaivumilia chumvi hiyo; korido na mimea havipendi, ndiyo maana haiwekwi tangini. Neti ya ndoo hiyo isiguse tangi kubwa bila kukaushwa juani. Tangini endelea kubadilisha maji theluthi kila siku, kolumnarisi hufuata samaki aliyedhoofishwa na amonia. Asipokula siku ya tatu au baka likisambaa, muone daktari wa mifugo akuandikie dawa ya bakteria na kipimo chake, usikisie kwa vidonge vya binadamu.

#21 Mitwero_Lindi

La mwisho toka kwangu: umeme ukikatika usiku kucha?

#22 FeniNaBarafu

Usiku ndiyo wakati mbaya, mimea nayo inatumia oksijeni badala ya kuitoa. Pampu ndogo ya hewa ya USB ya wati 1 hivi inaendeshwa na pawabenki ya mAh 10,000 zaidi ya saa 24. Iwe imeunganishwa na jiwe lake tayari, si kutafutana gizani. Huna? Chota maji kwa jagi, yamimine toka urefu wa sentimita 20, mara 15 hadi 20, kila baada ya saa moja na nusu. Usilishe mpaka umeme urudi. Punguza salvinia kama imefunika uso wote, hewa inaingilia hapo.

Pampu ya kawaida iwekwe juu ya kiwango cha maji, au mpira uwe na valvu ya kuzuia maji kurudi. Bila hivyo umeme ukikatika maji yananyonywa na mpira mpaka ndani ya pampu, na ukirudi inaungua.

Sponji ikikaa saa nyingi bila mtiririko wa hewa, vijidudu vyake vinaanza kufa. Umeme ukirudi baada ya usiku mzima, ikamue kwenye ndoo ya maji ya tangi kabla ya kuwasha pampu, uchafu huo usisukumwe tangini, na siku mbili zinazofuata wape nusu ya chakula.